Maswali ya Wafugaji: Chanjo walipewa, mbona wamekufa?

Barua za safari hii nyingi zimetoka mkoa wa Kigoma, na karibu zote zinahusu kuku wa uani, wale wa kuanzia kumi hadi hamsini wanaojitafutia mchana na kulala bandani usiku.

Shikamoo daktari. Mwezi wa sita niliwapa kuku wangu 35 chanjo ya kideri kwenye maji. Mwezi wa tisa wakaanza kuzubaa, kinyesi cha kijani, wengine shingo zimepinda. Niliwapa tetrasaiklini za binadamu na maji ya mshubiri lakini wamekufa 22. Je, chanjo ilikuwa feki? Hawa 13 waliobaki niwachanje? Na wanaoanza kuumwa naweza kuwachinja tukala? – Msomaji, Mwandiga

Marahaba, na pole sana. Ulivyoeleza ni kideri, wengine wanauita mdondo. Kinyesi cha kijani peke yake kisikupe uhakika, maana homa ya matumbo na kipindupindu cha kuku pia huharisha kijani au njano. Lakini ukiona kijani, kuhema kwa mdomo wazi na shingo kupinda kwa pamoja, tena vifo vya mfululizo kwa kuku wa rika zote, na ni kiangazi cha upepo, usitafute mbali. Ugonjwa huu ni wa kirusi. Tetrasaiklini haikigusi, wala mshubiri.

Chanjo huenda haikuwa feki. Chanjo ya Lasota ya kwenye maji ni kirusi hai kilichodhoofishwa, nacho hufa kirahisi sana. Jiulize: ilitoka dukani mjini ikiwa kwenye barafu, au kwenye mfuko wa rambo juu ya bodaboda saa saba mchana? Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka dakika ya kuchanganywa. Maji yalikuwa ya bomba? Klorini inaua chanjo kabla kuku hajainamisha kichwa. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, na ukiweza ongeza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yanailinda. Chombo kisiwe na mabaki ya sabuni au dawa.

Tatizo kubwa zaidi kwa kuku wa kienyeji ni unywaji wenyewe. Chanjo iliyochanganywa inabidi iishe ndani ya saa mbili, na kuku wawe wamenyimwa maji saa moja au mbili kabla. Sasa kuku aliyefunguliwa alfajiri ameshakunywa umande, maji ya mtaroni na ya vyombo vya jirani. Akifika kwenye chanjo yako anaonja tu, au hagusi kabisa. Unahesabu umechanja 35 kumbe waliopata kipimo ni 15.

Ndiyo maana kwa mfugaji wa aina yako tunapendelea chanjo ya I-2 ya matone, inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA). Inavumilia joto kuliko Lasota, ingawa nayo juani na ndani ya gari lenye joto si mahali pake. Kipimo ni tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga au jogoo. Wakamate jioni wakiwa bandani. Mlaze kuku ubavu, jicho litazame juu, dondosha, kisha usimwachie mpaka tone limeingia na amepepesa. Likimwagikia shavuni, rudia. Kila miezi 3 unarudia kundi zima, na vifaranga walioanguliwa katikati usiwasahau. Mlipuko mara nyingi huanzia kwao. Chanjo inayotangulia kiangazi ndiyo usiikose kabisa.

Kuhusu hao 13: chanjo huchukua kama wiki mbili kujenga kinga ya kutosha. Aliyekwisha kuambukizwa atakufa hata ukimchanja leo, halafu mtaa mzima utasema chanjo ndiyo imeua. Wenye afya kabisa watenge na uwachanje. Majirani ambao kuku wao bado wazima wachanje mapema, ila mchanjaji aanze kwenye nyumba zisizo na ugonjwa na amalizie kwako, kwa sababu kirusi husafiri kwenye mikono, ndala na matenga.

Kuchinja hapana. Moto wa jikoni unakiua kirusi, hilo ni kweli; hatari ni manyoya, damu na utumbo vinavyotupwa nyuma ya nyumba mbwa wakavisambaza. Tena bila vipimo huwezi kusema kwa yakini kwamba si mafua makali ya ndege. Waliokufa wafukie shimo la mita moja, mwaga chokaa au majivu juu. Kuwauza kuku wagonjwa mnadani ndiyo njia inayobeba kideri kutoka kijiji hadi kijiji, na hatutaacha kuisema. Choma maranda, osha banda kwa sabuni, lipigwe jua, na usilete kuku mpya kwa angalau mwezi. Kama una bata, kumbuka wanaweza kukibeba bila kuonyesha dalili. Mwarifu afisa mifugo wa kata kabla mizoga haijaisha. Ndege aliyekufa leo, akiwekwa kwenye barafu, ndiye anayeweza kupimwa.

Daktari, vifaranga wangu chotara 50, wiki ya nne, wanaharisha damu. Nimewapa amprolium pamoja na vitamini siku tatu, bado wanakufa. – Mfugaji, Kasulu

Hiyo ni koksidia, ugonjwa wa kimelea cha utumboni, na vitamini ndiyo inayokuangusha. Amprolium hufanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, kimelea anaimeza badala ya vitamini yenyewe na kushindwa kukua. Ukiweka mchanganyiko wenye B1 kwenye maji yaleyale, umemlisha kimelea. Vitamini zisubiri mpaka dozi iishe. Vitamini K peke yake, ukiipata, haina ugomvi nayo na husaidia damu kuganda.

Kwa unga wa amprolium wa 20%, hali ikiwa mbaya weka gramu 1.2 kwa lita kwa siku 3 hadi 5, kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja au mbili. Vifaranga 50 wa umri huo hunywa karibu lita 5 kwa siku, hivyo ni gramu 6 mwanzoni, baadaye gramu 1.5. Mwombe mwenye duka akupimie kwenye mzani. Kijiko cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Changanya ya siku moja tu, na wasipate maji mengine.

Dawa bila kugusa maranda ni kazi bure. Mayai ya kimelea yakitoka na kinyesi hayaambukizi papo hapo, yanahitaji siku moja au mbili za unyevu na joto ndipo yaive. Kwa hiyo zoa kila siku sehemu iliyolowa chini ya vyombo vya maji, hasa wakati wa masika. Inua chombo kilingane na mgongo wa kifaranga ili wasimwage. Na usiitegemee jiki: haiyaui mayai hayo.

Nikiwapa kuku OTC (oksitetrasaiklini), mayai tunaweza kula? – Msomaji, Kibondo

Siku za dawa hapana, na baada ya hapo hesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti. Duka likikupimia dawa kwenye karatasi bila maelezo, usiinunue.

Kuku wangu macho yamevimba na kuziba. Dukani nimeambiwa ni mafua, nimemaliza dozi mbili, wapi! – Mama mfugaji, Ujiji

Mfungue jicho taratibu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kisha nusa. Mafua ya kuku yana harufu mbaya usiyoisahau, uso mzima huvimba, makamasi hutoka puani, na ndani ya wiki karibu wote wamepata. Hayo hutibiwa kwa salfa yenye trimethoprimu au kwa oksitetrasaiklini kwa siku 5. Ukitumia hii ya pili ondoa chokaa na unga wa mifupa, vinaizuia dawa isifyonzwe. Aliyepona hubaki na vijidudu, basi usimchanganye na wageni.

Ukikuta magamba meusi kwenye upanga na pembe za mdomo, ni ndui. Mbu ndio waenezaji. Paka ayodini, mlishe, ngoja.

Lakini kama hakuna harufu, na ukibonyeza kope unatoka utando mweupe mgumu mzimamzima, tena wanaumwa mmojammoja mwishoni mwa kiangazi, tunashuku upungufu wa vitamini A. Mahindi meupe na pumba havina vitamini hiyo, na majani yamekauka. Dozi kumi za mafua hazitasaidia. Wape mchicha, matembele au mlonge kila siku, na ninyi watu wa Kigoma mna dawa jikoni: mawese mekundu yasiyochemshwa mpaka yakapoteza rangi, kijiko kimoja cha chai kwa kilo ya chakula, wiki mbili hadi tatu. Jicho lililokwisha kuharibika halirudi.

Viroboto wamejaa kuzunguka macho ya kuku, na miguu ina magamba yaliyoinuka. Watu wanasema nipake mafuta ya taa. – Msomaji, Uvinza

Mafuta ya taa na oili chafu vinaunguza ngozi, achana navyo. Viroboto wanaong'ang'ania hivyo wafunike kwa mafuta mazito, vaselini au mawese, wakose hewa, usiingize jichoni. Banda lifagiliwe mpaka kwenye mchanga wa chini, takataka zichomwe, na mbwa na paka watibiwe pia, kwani nao huwabeba. Magamba ya miguu ni utitiri wanaochimba chini ya ngozi. Loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kwa dakika kumi, sugua kwa mswaki laini bila kubandua gamba lililoshika, kausha, paka mafuta. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki tatu, na vijiti wanavyolalia visuguliwe siku hiyohiyo.