Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha za Galaksi Ukiwa Uani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu darubini ndogo zinazojiendesha, zile ambazo mtu huziweka uani, akachagua galaksi kwenye simu yake, kisha akaziacha zifanye kazi usiku kucha. Nimechagua barua sita, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayozibeba nyingine zote.

SWALI: Ndugu Mwandishi, ninaishi viungani mwa mji mkubwa. Anga la kwetu halina giza hata saa sita za usiku, na nyota ninazoweza kuzihesabu hazifiki hamsini. Nina darubini inayojiendesha yenye lenzi ya upana wa sentimita 5. Jamaa zangu wananiambia kwamba galaksi hazipatikani mpaka mtu ahamie mbali na taa, na kweli nilipoielekeza kwenye galaksi ya M51, picha ya kwanza ilikuwa kijivu kitupu. Je, nimepoteza fedha zangu?

JIBU: Hujapoteza, ingawa maneno ya jamaa zako yana msingi. Kijivu ulichokiona ni mwanga wa taa za mji, ambao hupanda juu, ukagonga vumbi na unyevu uliomo hewani, ukarudi chini na kuingia kwenye darubini yako. Wengi hudhani kwamba mwanga huo huifunika galaksi kama pazia linavyofunika dirisha, na hapo ndipo wanapokata tamaa mapema. Galaksi haikufunikwa. Chembe za mwanga wake, yaani fotoni, zimeingia kwenye kamera bega kwa bega na zile za taa, na kamera imezihesabu zote. Mwanga wa anga ni mwingi, lakini umetandaa karibu sawasawa kwenye picha nzima, kwa hiyo programu inaweza kuupima na kuutoa. Kisichoweza kutolewa ni kuyumba kwake. Fotoni hazimiminiki kama maji ya bomba. Hudondoka kama matone ya mvua juu ya bati, sekunde hii mengi, sekunde ijayo machache, na kuyumba huko ndiko kunakozaa zile chengachenga unazoziona ukiikuza picha. Galaksi hafifu huzama ndani ya chengachenga hizo.

Dawa yake ni muda. Ukiongeza muda wa kupokea mwanga mara nne, mwanga wa galaksi unaokusanyika nao huongezeka mara nne, lakini chengachenga huongezeka mara mbili tu, hivyo galaksi hujitokeza mara mbili zaidi ya awali. Ndiyo maana darubini yako hupiga picha nyingi fupi, za sekunde 10 au 20, badala ya moja ndefu. Kwa sekunde 20, saa moja hutoa picha 180. Programu huzilinganisha nyota kwa nyota, huzilaza moja juu ya nyingine na kutafuta wastani wake, na katika wastani huo chengachenga huwa zimepungua kwa zaidi ya mara 13 zikilinganishwa na zile za picha moja. Picha fupi zina manufaa mengine pia: anga angavu halipati nafasi ya kukijaza kihisi cha kamera hadi kikafurika, na setilaiti ikikatiza au upepo ukiitikisa darubini, kinachotupwa ni sekunde 20 tu.

Kuna gharama ya kuishi viungani, nayo inakadirika. Anga likiwa angavu mara 10 kuliko la mahali penye giza la kweli, basi kazi ambayo mwenzako aliyeko gizani angeimaliza kwa saa 1 itakuchukua wewe kama saa 10. Saa hizo si lazima ziwe za usiku mmoja. Hapa ndipo darubini inayojiendesha inapostahili sifa zake, kwa kuwa hairudi nyumbani kulala, haichoki kurudia kitendo kilekile mara elfu, na kesho huanza pale ilipoachia jana.

Nami niliianza M51 uani kwangu, na picha yangu ya kwanza haikuwa bora kuliko yako: niliona madoa mawili tu, kama alama za vidole kwenye kioo. Baada ya nusu saa doa kubwa lilikuwa na kitovu. Kwenye saa ya kwanza mikono miwili ya galaksi ilianza kujikunja kukizunguka kitovu hicho, na nilipokwisha kuunganisha saa kumi za usiku tano, mkono mmoja ulionekana ukinyooka hadi kwa galaksi ndogo iliyo jirani, NGC 5195, huku mistari myeusi ya vumbi ikipita kwenye ukingo wake wa ndani. Mwanga huo ulikuwa njiani kwa zaidi ya miaka milioni 20.

Wa kwanza kuutambua mkunjo huo alikuwa William Parsons, aliyejulikana kwa cheo chake cha Lord Rosse, mwaka 1845, huko Birr nchini Ireland. Kioo cha darubini yake kilikuwa na upana wa takriban sentimita 183, kwa hiyo kilikusanya mwanga zaidi ya mara elfu moja ya unaokusanywa na lenzi yako. Hata hivyo alilazimika kuchora kwa penseli kile alichokiona kwa shida, kwa sababu jicho la mwanadamu halina akiba: kila sehemu ndogo ya sekunde hutupa lilichokipokea na kuanza upya. Kamera yako haitupi kitu. Ninalisema hili kwa wote wenye darubini ndogo: msiionee haya lenzi ya sentimita 5, ipeni muda.

Chagua basi galaksi moja na ukae nayo kwa wiki kadhaa, badala ya kurukia galaksi sita katika usiku mmoja. Fanya kazi siku ambazo mwezi haupo angani, na subiri galaksi ipande juu, kwa maana ikiwa karibu na upeo wa macho mwanga wake hupenya hewa nzito na ukungu wa mwanga wa taa uliojikusanya huko chini. Majira nayo yana uzito wake. Vumbi la galaksi yetu wenyewe, Njia Nyeupe, huziba mandhari kila tunapotazama kwenye ubapa wake, yaani umbo lake lililotandazwa kama sahani. Kuanzia Machi hadi Mei, usiku wa mapema, ubapa huo huwa umekaa pembeni na tunapata kutazama nje kupitia kundinyota la Mashuke (Virgo) na la Asadi (Leo), ambako galaksi zimejaa. Kuanzia Oktoba hadi Desemba zamu ni ya galaksi ya Andromeda, na kwa wanaoliona vizuri anga la kusini, ya galaksi ya NGC 253.

SWALI: Darubini yangu hujigeuza yenyewe na kuipata galaksi bila mimi kuitazama. Inajuaje ilipo? Na kwa nini pembe za picha yangu ya mwisho zina chenga nyingi kuliko katikati?

JIBU: Inajua kwa kusoma nyota. Hupiga picha ya mahali popote ilipoelekea, huchukua vikundi vya nyota chache na kupima uwiano wa umbali baina yao, kisha hutafuta katika orodha yake kikundi chenye uwiano uleule. Uwiano haubadiliki hata picha ikiwa imezungushwa au imekuzwa, na kwa hiyo ndani ya sekunde chache kifaa hujua kwa usahihi mkubwa kinatazama wapi. Hujisogeza, hupiga tena, hujisahihisha, hadi galaksi ikae katikati. Baada ya hapo mota zake huifuata galaksi, kwa sababu dunia haisimami: nyota iliyo karibu na ikweta ya anga husogea kwa sekunde 20 umbali wa karibu moja ya sita ya upana wa mwezi mpevu.

Kuhusu pembe, tatizo ni namna darubini ilivyosimikwa. Inaifuata galaksi kwa kupanda na kushuka, kulia na kushoto, lakini anga lenyewe linazunguka, hivyo galaksi hukaa katikati huku nyota zinazoizunguka zikigeuka polepole kama sinia. Programu huzigeuza picha ili zilingane, na pembe hubaki zimefunikwa na picha chache kuliko katikati. Suluhisho ni kuiinamisha darubini ili mhimili wake uelekee ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota huonekana kupazunguka, kwa pembe inayolingana na latitudo ya ulipo. Kwa aliye karibu na ikweta, mhimili huo hulala karibu sambamba na ardhi, na stendi isipokuwa imara darubini inaweza kuanguka. Usipoweza kuiinamisha, ikwepe saa ambayo galaksi iko utosini kabisa, maana hapo ndipo mzunguko huwa wa kasi zaidi.

SWALI: Ninunue kichujio gani cha kuzuia mwanga wa mji?

JIBU: Kwa galaksi, usinunue. Vichujio vyembamba, yaani vinavyopitisha rangi chache tu, hufanya vizuri kwenye nebula, yale mawingu ya gesi angani, kwa kuwa gesi yake hutoa rangi chache mahususi, lakini mwanga wa galaksi ni jumla ya mwanga wa mabilioni ya nyota, umeenea rangi zote, na hali kadhalika mwanga wa taa za LED. Ukikizuia kimoja umekizuia na kingine. Zima taa yako ya nje, mwombe jirani kwa heshima naye azime yake, na uiweke darubini kwenye kivuli cha ukuta.

SWALI: Mwalimu, picha hizi zinapita kwenye programu nyingi. Tutajuaje kwamba ni za kweli na si mapambo ya kompyuta?

JIBU: Swali hili nimelipenda, na ningetamani liulizwe mara nyingi zaidi. Kuangaza sehemu hafifu si uongo, kwa kuwa mwanga wake umepokelewa na unaweza kupimwa. Rangi pia ni za kweli: kitovu huwa na umanjano kwa sababu nyota zake nyingi ni za kale, mikono huwa na ubuluu wa nyota changa zenye joto kali, na vidoa vya waridi ni gesi ya hidrojeni mahali nyota zinapozaliwa. Macho yetu hayazioni rangi hizo kwenye darubini kwa kuwa katika mwanga hafifu hayatambui rangi.

Uongo huanza pale programu inapochora kisichopokelewa. Siku hizi zipo zinazonoa picha kwa kukisia, na nyingine zikikuta chengachenga huzigeuza kuwa nyuzi za vumbi zinazopendeza ambazo hazipo angani. Kipimo changu ni kimoja: gawa picha zako ghafi mafungu mawili, zile za usiku wa kwanza na zile za usiku wa pili, kisha yatengeneze kila moja peke yake. Kinachoonekana katika yote mawili, mahali palepale, kinaaminika. Kinachoonekana katika moja tu, kifute bila huruma, hata kama ndicho kilichokuvutia zaidi.

SWALI: Ni umbali gani mkubwa kabisa ninaoweza kuufikia kutoka uani?

JIBU: Mkubwa kuliko unavyofikiri. Katika kundinyota la Mashuke kuna kitu kinachoitwa 3C 273, ambacho kwa picha za saa moja kitaonekana waziwazi kama nyota ya kawaida isiyo na umbo lolote. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alichanganua mwanga wake na kugundua kwamba umevutwa kuelekea wekundu, yaani mawimbi yake yamerefushwa, kwa kiasi cha karibu asilimia 16, jambo lililomaanisha kwamba hakiko popote karibu nasi. Ni kiini cha galaksi ambamo shimo jeusi kubwa mno linameza gesi, nayo gesi hiyo inang'aa kuliko galaksi nzima inayoizunguka. Mwanga wake umesafiri takriban miaka bilioni 2, na ulipoanza safari dunia hii ilikuwa bado makao ya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Chapisha ramani ya nyota za eneo hilo, ilinganishe na picha yako nukta kwa nukta, na ukishakitambua kitu hicho kiwekee duara.

SWALI: Diski yangu imejaa maelfu ya picha ghafi. Nikishapata picha ya mwisho, nizifute?

JIBU: Tafadhali usizifute. Mnamo Septemba 2016, Víctor Buso, fundi wa kufuli wa mjini Rosario, Argentina, alikuwa akiijaribu kamera mpya kwenye paa la nyumba yake, akipiga galaksi ya NGC 613 picha fupi fupi mfululizo. Katika picha za mwanzo mahali fulani palikuwa patupu. Katika zilizofuata nukta ya mwanga ikatokea na kuendelea kung'aa. Alikuwa amenasa dakika za kwanza za mwanga wa nyota iliyolipuka, jambo ambalo wanasayansi walikuwa wakilitafuta kwa miaka mingi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature.

Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani alipoitangaza supanova, yaani nyota iliyolipuka, katika galaksi ya M101, watu wengi wa uani walifungua diski zao na kukuta kwamba walikuwa wameipiga picha galaksi hiyo siku chache au saa chache kabla. Picha hizo, nyingine zikiwa na nyota hiyo na nyingine zikiwa hazina, zilisaidia kukadiria wakati mlipuko ulipoanza. Hakikisha basi saa ya kifaa chako ni sahihi, nunua diski ya pili, na kila folda uipe jina la galaksi, tarehe na saa ya kuanza.