Dinosaria ndani ya nyumba ya vioo: msiikimbie mimea

Wageni wengi wakiingia kwenye maonyesho ya dinosaria ndani ya bustani ya mimea yenye paa la vioo, hukimbilia sanamu, hupiga picha, na baada ya muda mfupi wako nje. Ni hasara kubwa. Sanamu ni chuma, sponji na ngozi ya silikoni. Kilicho hai, na chenye ukoo wa tangu enzi za dinosaria, ni mimea iliyoizunguka.

Kwanza hewa, maana ndiyo inayoharibu ziara nyingi. Chumba cha mimea ya tropiki kina joto na unyevu mwingi. Ukitoka kwenye baridi au gari lenye kiyoyozi, lenzi ya kamera au simu huingia ukungu mara moja, kwa sababu mvuke hugeuka matone ukigusa kioo baridi. Kufutafuta hakusaidii, ukungu hurudi mpaka lenzi yenyewe ipate joto. Acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa dakika 15 hadi 30, ndipo uitoe. Vaa nguo nyepesi chini ya koti, na viatu visivyoteleza, kwani sakafu hulowa mimea inapomwagiliwa. Fika mlango unapofunguliwa: njia nyingi ni nyembamba, na vigari viwili vya watoto hupishana kwa shida.

Kwa watoto wadogo, tatizo ni kushtukizwa. Sanamu zinazotikisika mara nyingi huwa na kihisio, hivyo mtoto anapopita ndipo kichwa kinapoinuka na mngurumo kuanza. Simameni hatua kadhaa nyuma, acheni mwingine apite, mtoto aone mwendo wote hadi kimya kirudi. Kwa kawaida mwendo ni uleule, na mara ya pili anajua kinachofuata. Akilia, asisukumwe mbele kwa ajili ya picha. Mpelekeni kwenye makangaga, arudi baadaye akitaka.

Na makangaga yanastahili muda. Inama uchungulie upande wa chini wa jani: mara nyingi utakuta vidoa vya kahawia vilivyojipanga. Humo ndimo zinamotengenezwa spora, yaani chembe ndogo za uzazi, kwani kangaga halina ua wala mbegu. Jani changa nalo hutokea likiwa limejikunja kama konokono, kisha hujifungua taratibu.

Halafu tafuteni mitapo, yaani saikadi. Watu huidhani minazi mifupi, lakini haina undugu wa karibu nayo: mitapo haichanui maua, hutoa koni kama za msonobari, na mti dume na mti jike ni miti miwili tofauti. Ndiyo sababu Encephalartos woodii, aina moja ya mtapo, inasikitisha: mwaka 1895 ulipatikana Afrika Kusini mti dume, na jike hajaonekana mpaka leo, miti yote iliyopo kwenye bustani imetokana na machipukizi ya dume huyo. Katika bustani ya Kew, London, kuna mtapo mwingine, Encephalartos altensteinii, iliyofikishwa huko mwaka 1775 na bado inaishi ndani ya chungu. Msiiguse: majani ya mitapo huchoma, tena mara nyingi yako usawa wa macho ya mtoto, na mbegu zake ni sumu.

Watoto wakubwa wapeni kazi ya kukagua maonyesho. Stegosaurus aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, kabla mimea ya maua haijaenea. Akisimamishwa katikati ya okidi, mandhari hiyo si ya wakati wake. Makangaga, mitapo na araukaria, miti ya koni iliyo jamaa ya misonobari, vinamfaa. Tyrannosaurus rex, wa miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita, anaweza kusimama karibu na mmagnolia, mti wa maua, bila kosa, kwani wakati wake mimea ya maua ilikuwa imeshaenea. Wakiwa na hoja kama hizo, hata kibao kidogo cha jina la mmea watakisoma wenyewe. Mhudumu akipita, muulizeni ni mtapo upi una koni kwa sasa, kwa maana koni hazitoki kila mwaka.