Baba wa The Road: mwema au mkatili?
Ndugu yangu, umeuliza iwapo insha yako imhukumu baba katika The Road, riwaya ya Cormac McCarthy ya mwaka 2006 kuhusu baba na mwanawe wanaosafiri katika dunia iliyoangamia, kuwa mwema au mkatili. Nakushauri uanze na tukio la mwizi aliyewaibia vitu vyao: baba anamwamuru avue nguo zote na viatu, anamwacha barabarani kwenye baridi, kisha, kwa kulemewa na kilio cha mwanawe, anarudi kumtafuta, na asipomwona anaziacha nguo hapo njiani. Baba anaulinda uhai wa mtoto, ilhali mtoto ndiye anayeulinda utu wa baba, jambo ambalo hunigusa sana kila nisomapo. Suala la ulaji wa watu, ambao baadhi ya manusura katika riwaya huufanya, ligusie kwa ufupi tu, kwani wawili hao hawasitisiti kamwe kuukataa.