Uliza Mzee wa Shabaha: "Nimeokota gunia la maganda ya risasi, sasa nifanyeje?"

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi niko Minneapolis, mwaka wa tisa huu, grini kadi ninayo. Nimeanza kupiga trapu na wenzangu wa kazini kila Jumamosi, vile visahani vya udongo vinavyorushwa, shotigani yangu ni geji 12 (ndo kipimo cha upana wa mtutu). Raundi moja risasi 25, ukipiga raundi nne zimeisha 100 na mfuko unalia. Pale klabu kuna mzee wa kizungu anajaza upya maganda ya risasi zilizokwishapigwa, mwenyewe gereji kwake, ananiambia ataniachia mashine yake ya zamani, MEC 600 Jr., kwa bei ya mshkaji. Maganda nimeshaokota gunia zima. Je ni kweli nitaokoa hela, na naanzia wapi?
Kijana wa trapu, Minneapolis

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hela maana najua ndo inayokuwasha. Mfuko wa marisau (vile vigololi vidogo vinavyotawanyika ukipiga) ni pauni 25, yani aunsi 400, ukijaza aunsi 1⅛ kwa ganda unapata risasi kama 355, ukijaza aunsi moja ndo 400 kamili. Baruti pauni moja ina greini 7000, sasa tuseme kwa mfano tu ganda moja linakula greini 18, hapo utapata karibu 390. Ongeza fataki moja na wadi moja kwa kila ganda (fataki ni kile kikopo kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, wadi ni kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau), chukua bei za dukani kwako upige hesabu mwenyewe. Nikwambie ukweli, kwa geji 12 ukilinganisha na zile katoni za bei rahisi za madukani unaweza kukuta umeokoa hela ya soda, na kuna miaka hata hiyo soda huioni. Wanaookoa kweli ni wa geji 28 na .410, bunduki za mtutu mwembamba, maana risasi zake dukani ni ghali japo ndani zina marisau kidogo.

Sasa mbona mimi bado najaza? Bega mwanangu. Nina miaka 60 na ushee, nikipiga aunsi 1⅛ raundi nne kesho yake hata kikombe cha chai nanyanyua kwa mkono wa kushoto, so najaza aunsi ⅞, laini kabisa, na visahani vinavunjika vilevile.

Hilo gunia lako sasa. Kwanza umeuliza kama ni ruksa kuokota? Kuna klabu zinasema ganda likishagusa chini ni mali yao. Alafu limwage lote chini uchambue kama unachambua mchele, Winchester AA huku, Remington kule, Federal kivyake. Kwa nje zote utadhani ndugu wa tumbo moja lakini ndani kitako kimetofautiana, nafasi imetofautiana, na huwezi kujaza hili kwa kipimo cha lile. Yaliyochanika mdomo, yaliyokanyagwa, yaliyoloa, tupa, usiyaonee huruma. Ukikuta la njano litoe haraka weka mbali, hiyo ni geji 20, wameipa rangi ya njano makusudi, maana risasi ya 20 ikiingia kwenye bunduki ya 12 inateleza inakwama mbele kidogo ya chemba (pale risasi inapokaa), wewe unaona hamna kitu unaweka ya 12 nyuma yake, unavuta, na mtutu unapasuka karibu na mkono wako wa kushoto.

Sasa nisikilize hapa maana ndo penyewe. Kipimo ni cha risasi nzima, sio cha baruti peke yake. Kwenye jedwali wataandika ganda gani, fataki gani, baruti gani na greini ngapi, wadi gani, marisau uzito gani, na vyote vitano vinaenda pamoja. Hii sio pilau kwamba leo hamna bizari nyembamba ukaweka kingine ukala ukashiba. Ukibadili fataki tu, moto unabadilika na presha ndani ya chemba inabadilika, jicho halioni, bega nalo halisikii mpaka siku imeharibika. Na marisau ya chuma usiyatie kwenye kipimo cha marisau ya kawaida ya madini ya risasi hata siku moja, chuma ina wadi zake na majedwali yake. Kampuni za baruti, Hodgdon na Alliant, wanatoa vipimo vya baruti zao bure kabisa, chagua kimoja kinachoendana na ganda ulilonalo kwa wingi ukae nacho mwaka mzima. Kipimo changu usiniulize, sitakupa, na wa klabu akikupa chake nenda ukakihakiki kwenye jedwali la kampuni kwanza.

Mashine chukua. MEC wanatengeneza hapo jirani yako tu, Mayville, Wisconsin, na hiyo 600 Jr. inajaza ganda moja moja, hatua kwa hatua, ndo inayomfaa mtu anayeanza. Wengi wanakimbilia zile za kujaza maganda kadhaa kwa mpigo alafu hawajui kosa limeingilia wapi. Ila nunua na mizani ya greini. Baruti inapimwa na kibushi kidogo (kipete chenye tundu) kilichokaa kwenye upau wa kuteleza, kila bushi na namba yake na chati inasema namba fulani inatoa greini kadhaa, usiiamini chati, dondosha mara kumi upime zote kumi kwa mizani. Na mkono uwe na mwendo mmoja, ukivuta kwa pupa mashine inatikisika, baruti inashindiliwa na kipimo kinapanda.

Kazi yenyewe iko hivi. Ganda linaingia, unashusha mkono, fataki kuukuu inadondoka chini, ti! Unakandamiza mpya, namba 209, alafu pitisha kidole kwenye kitako, isichomoze. Baruti inashuka. Hapo SIMAMA, chungulia ndani ya ganda, uione kwa macho yako. Ndo uweke wadi, marisau yanamwagika shaaa, unaanza kukunja mdomo, unamalizia. Mdomo unakunjika kama petali za ua, 6 au 8, fuata mikunjo ya zamani ya ganda usilazimishe. Katikati kuwe kumebonyea kidogo tu, kukiwa na kitundu marisau yatavuja mfukoni, kukivimba ujue kuna kitu kimezidi ndani au wadi siyo.

Kwanini nimeandika simama kwa herufi kubwa? Mwaka wangu wa pili, niko katikati ya kazi, simu ikalia, dada yangu kutoka Tanga, tukaongea weeee, nikarudi nikaendelea na hatua inayofuata kumbe baruti sijaweka. Jumamosi uwanjani navuta, badala ya mlio nasikia "pufu", marisau yakamwagika mita chache tu mbele yangu kama mtama wa kuku. Mimi bila akili nafungua niweke nyingine, jamaa wa pembeni akapiga kelele WEWE ACHA. Tukachungulia mtutu kutokea nyuma, giza totoro, wadi imekwama katikati. Ningepiga ya pili juu yake safu hii ingekuwa inaandikwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo simu inabaki jikoni, na mezani inakaa baruti ya aina moja tu.

Kitu kimoja kwa wasomaji wengine wa Marekani. Huyu kijana ana grini kadi. Wewe uliyeingia kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi moja, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji, so muone wakili kabla hujaokota chochote. Na kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho ila kuuza kunahitaji, usije ukageuza gereji kiwanda cha kuwauzia watu wa msikitini. Majimbo nayo yana yake, cheki la kwako.

SWALI: Mzee, mume wangu ameleta haya mambo nyumbani anataka ajazie meza ya jikoni, baruti amehamishia kwenye ndoo ya aiskrimu. Tuna watoto wawili wadogo. Niko sawa kugomba?
Mama wawili, Houston

JIBU: Gomba mama, na umwambie ni mimi nimesema. Baruti haihamishwi, inakaa kwenye kopo lake la kiwandani lenye jina lake, maana ukishasahau ni ipi haina kazi tena. Kanuni za NFPA, chama cha Marekani cha kuzuia moto, zinaruhusu nyumbani mpaka pauni 20 za baruti isiyo na moshi na fataki 10,000, yeye sidhani kama anahitaji hata robo ya hizo. Fataki zikae mbali na baruti. Asiifungie kwenye sefu ya chuma akidhani ndo usalama, moto ukitokea chuma iliyofungwa inabana presha inageuka bomu, kabati la mbao lenye kufuli ni bora. Gereji za huko kwenu nazo ni tanuri na mara nyingi hita ya maji iko humohumo, hapana, atafute chumba chenye kiyoyozi.

Jikoni hapana kwa sababu ya risasi yenyewe, nasema ile madini. Vumbi lake linakaa vidoleni, linaingia kwenye ugali, na ubongo wa mtoto ndo unaumia zaidi. Meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, asifagie, na anawe kwa sabuni kabla hajambeba mtoto.

SWALI: Babu yangu alikuwa anashindilia gobole mwenyewe, baruti na vipande vya chuma. Naomba unitumie mashine na fataki nianze hapa Morogoro.
Mjukuu wa mwindaji

JIBU: Fataki na baruti hazipandi ndege ya abiria, sio begi la mkononi sio la chini, so hapo tumemalizana. Na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, hata kama ni yako mwenyewe na ni moja. Gobole la babu kama bado liko darini na halina karatasi, nenda kituo cha polisi ukaongee nao kabla jirani hajakutangulia.