Jibu: Magugu maji kunyauka kwenye bwawa la maji ya kromu

Ndugu, umeuliza kwa nini magugu maji uliyoweka bwawani kusafisha maji machafu ya kupaka vyuma kromu yamenyauka. Kunyauka ndani ya siku tatu ni dalili ya sumu, si ya kukosa mbolea. Maji ya kupaka kromu huwa na kromiamu sita (aina ya kromiamu yenye sumu kali), nayo huunguza mizizi kabla haijafyonza cha maana. Mimea ni hatua ya mwisho ya kusafisha maji hayo, kamwe si ya kwanza.

Anzia kwenye tangi, kabla maji hayajafika bwawani: shusha pH (kipimo cha ukali wa asidi) hadi kati ya 2 na 3 kwa kutia asidi, tia sodiamu metabisalfaiti (kemikali inayopunguza sumu ya kromiamu hiyo) mpaka umanjano ugeuke kijani (fanyia penye hewa, gesi yake hukaba), kisha ongeza chokaa hadi pH 8 au 9, tope litulie. Maji ya juu yarudishe kwenye pH 6 hadi 7 ndipo yaingie bwawani. Yajaribu kwanza kwenye ndoo zenye magugu maji, ukiyachanganya na maji safi yawe 10%, 25% na 50%, kwa wiki moja.

Kina cha bwawa cha sentimita 50 kinatosha. Metali nyingi hushikwa na mizizi, hivyo maji yapite kwenye mizizi hiyo.

Na tafadhali, ng'oa mmea mzima kabla haujaoza. Ukifia majini, metali hurudi majini. Usilishe mifugo wala usitengenezee mboji: hiyo ni taka hatari.