Nina Grini Kadi: Je, Naweza Kumleta Mama Kutoka Lamu?

SWALI: Assalaam aleikum wakili. Niko Marekani mwaka wa tatu sasa, nina grini kadi. Mama ni mjane, anaishi Langoni, Lamu, na mdogo wangu wa kike wa miaka 14. Nataka kuwaleta wote wawili. Nianzie wapi?

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, huwezi kumwombea mama viza. Unaweza kumwombea mke, na watoto wasiooa wala kuolewa. Mzazi huombewa na raia aliyetimiza miaka 21. Kwa hiyo anza na uraia wako, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi. Ukija Lamu likizo, usipitishe miezi 6 kwa mpigo, hesabu hiyo isije ikakatika.

Ukiwa raia utajaza fomu I-130, ya kumwombea jamaa. Mzazi wa raia hapangi foleni ya viza. Ila viza hiyo ni ya mama peke yake, haimbebi mtoto, na hapa ndipo nimeona watu wakilia. Ukimwombea mdogo wako kama ndugu, foleni hupita miaka 10. Afadhali mama, akishapata grini kadi yake, amwombee mwenyewe bintiye, kabla hajafikisha 21 wala kuolewa. Watatengana kwa muda, hilo halina budi. Zungumzeni sasa huyo mtoto atabaki kwa nani.

Miaka hii 2 isipite bure. Weka cheti chako cha kuzaliwa kando ya kitambulisho cha mama. Mafaili ya kwetu pwani nikiyafungua, mara nyingi cheti kinasema "Mwana Aisha Ali", kitambulisho "Mwanaisha Ali Omar", na pasipoti ina lake. Mtaani wote wanajua ni mtu mmoja. Afisa wa viza Nairobi hajui, na jina lile kwenye cheti ndilo linalomthibitishia kwamba huyu ndiye mamako. Nendeni kwa msajili wa vizazi mrekebishe, na cha mdogo wako pia.

Kipato chako kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, mama akihesabiwa nyumbani mwako. Kisipofika, tafuta mdhamini mwenza, raia au mwenye grini kadi. Naye atatia saini fomu I-864, ahadi ya kumkimu mama inayomfunga mpaka mama awe raia au atimize takriban miaka 10 ya kazi. Mweleze mapema kwamba mkikosana baadaye, ahadi hiyo haifutiki.