Kabla hujabadilisha kamera: kwa wanaoanza kupiga picha za sherehe wikiendi

Kama una Canon EOS 700D na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi, na tayari kuna mtu kanisani au kazini kakuuliza unapiga send-off kwa bei gani, basi unaingia kwenye kazi hii kama wengi wetu tulivyoingia hapa Dar es Salaam: Jumatatu hadi Ijumaa ofisini, Jumamosi ukumbini. Swali lako nalijua, maana vijana wanaonifuata kujifunza huanza nalo kabla hata hawajauliza lolote kuhusu mwanga. Ninunue kamera kubwa kwanza, au nianze na hii?

Anza na hii. Kamera bora ina faida yake na iko siku utaihitaji kweli. Ninachotaka tukubaliane ni foleni: pesa ya kwanza iende wapi, ya pili iende wapi, na bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, isimame nafasi ya ngapi.

Fikiria kamati ya harusi inakulipa kwa ajili ya nini. Watu wamechangishana miezi kadhaa, wamelipia ukumbi, mapambo, MC na chakula, na wewe wamekukabidhi kitu ambacho hakirudiwi. Pete huvishwa mara moja. Kabla ya uzuri wa picha, wanakulipa wawe na uhakika kwamba picha zitakuwepo. Kamera ikizima bwana harusi ameshika pete, hakuna atakayetaka kujua ilikuwa na megapikseli ngapi.

Kwa hiyo kabla ya kamera bora, tafuta kamera ya pili. Hata 700D nyingine iliyotumika, hata ya kuazima kwa rafiki, hata ya kukodi kwa siku moja. Ikae kwenye begi ikiwa na betri iliyojaa na kadi tupu. Kadi zenyewe nunua mbili au tatu za ukubwa wa wastani badala ya moja kubwa, ubadilishe mnapotoka kanisani au msikitini kwenda ukumbini, na ile iliyojaa uiweke mfuko wa ndani unaofungwa kwa zipu. Kadi za bandia zimejaa madukani. Kila kadi mpya ijaze picha mpaka mwisho ukiwa nyumbani, uzifungue zote kwenye kompyuta, ndipo uiamini.

Jambo hili la usalama lina mtego. Wengi wanaotoka 700D wanaitamani Canon EOS 6D, kamera ya fulu fremu (yenye sensa, kile kipande kinachonasa picha, kubwa kuliko ya 700D) iliyotoka mwaka 2012, kwa sababu iliyotumika siku hizi inafikika. Ni kamera nzuri sana usiku. Lakini ina nafasi moja tu ya kadi, sawa na 700D yako. Nikon D750 ya mwaka 2014 ina nafasi mbili, na ukiipanga vizuri inaandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa mpiga picha wa harusi, sifa hiyo peke yake ni nzito kuliko nyingi zinazosifiwa kwenye matangazo. Ukifika wakati wa kununua bodi, anza kwa kuuliza nafasi za kadi.

Pesa inayofuata iende kwenye mwanga, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi za wanaoanza zinapopotelea.

Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta mpaka 55, tundu lake la kuingiza mwanga halifunguki zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ndogo ya 50mm f/1.8, ambayo ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa za Canon, inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ukumbini ni hii: mahali ulipolazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na sura zikatoka na chengachenga, sasa unapiga kwa ISO 640 kwa kasi ileile ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga picha inapopigwa. Linganisha na kubadilisha bodi. Sensa ya fulu fremu ina eneo kama mara mbili na nusu ya sensa ya 700D. Ni faida ya kweli, lakini iweke karibu na ile mara kumi ya lenzi, kisha tazama bei za vyote viwili. Isitoshe, lenzi za EF (familia ya lenzi za Canon, ikiwemo hii 50mm) zimekuwepo tangu mwaka 1987, na unazonunua leo utazifunga kwenye 6D kesho, au hata kwenye EOS R, kamera za Canon zisizo na kioo, kwa adapta. Lenzi ya 18-55, ambayo ni EF-S, aina ya kamera za sensa ndogo, haifungi kwenye 6D kabisa. Anayeruka kwenda fulu fremu bila kulijua hilo hurudi nyumbani na bodi isiyo na lenzi.

Hiyo 50mm ina masharti yake. Kwenye 700D inakata picha kama lenzi ya 80mm, kwa hiyo sebuleni siku ya kutoa mahari ukitaka kuweka shangazi, wajomba na watoto kwenye picha moja utagonga mgongo ukutani. Kwa picha za ukoo bakia na 18-55 na flashi. Na usiiache kwenye f/1.8 wakati wote: wawili wakisimama mmoja mbele kidogo ya mwenzake, macho ya mmoja yatakuwa makali na ya mwingine yataota ukungu. Kwa watu wawili mimi hupunguza tundu hadi f/2.8 au f/4.

Flashi ya kupachika juu ya kamera, ile inayogeuza kichwa, ni ya lazima kwa kumbi zetu. Kitabuni wanakwambia elekeza kichwa darini mwanga urudi laini. Ni kweli, dari likiwa jeupe na karibu. Lakini mpambaji akishatandaza vitambaa vya zambarau juu, mwanga unarudi na zambarau yake usoni kwa bibi harusi, na kuuondoa kwenye kompyuta ni kazi ya usiku mzima. Fika mapema, tazama juu, tazama kuta. Kama kuna ukuta mweupe, elekeza huko. Kama hakuna, mpe msaidizi flashi aishike pembeni yenye kitambaa cheupe mbele yake, uiwashe kwa rimoti.

Halafu kuna lawama mbili ambazo kamera hubebeshwa bila kosa. Ya kwanza ni mistari myeusi inayokatiza picha ukumbini. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za LED za mapambo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250, shata inanasa kipande cha kufifia huko. Teremka hadi 1/100, na mara nyingi mistari inaondoka. Lawama ya pili ni sura kuwa nyeusi mno wakati shela imetoka vizuri. Kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Shela nyeupe ikijaa kwenye picha, inapunguza mwanga, na sura ya dada yetu inazama. Pima mwanga usoni, au ongeza kwa makusudi, na linda shela isiungue kabisa ikabaki weupe mtupu. Ukimpiga vibaya mtu mweusi kwa kamera ya bei ndogo, utampiga vibaya kwa ya bei kubwa, na ni wajibu wetu kuliko wa mtu mwingine yeyote kuzijua ngozi zetu.

Sasa utajuaje kwamba imefika zamu ya bodi? Usisikilize wenzako wala video za mtandaoni. Fungua folda za kazi zako tatu au nne za mwisho, na badala ya kutazama picha ulizomkabidhi mteja, tazama ulizozitupa. Zigawe kwa sababu: zilizotikisika, zilizokosa fokasi, zenye chengachenga au giza, na zile ambazo hazina kasoro yoyote ya kifundi ila tukio limekupita, au umesimama nyuma ya mgongo wa mjomba mwenye simu iliyoinuliwa.

Fungu lililonona ndilo linalokwambia ununue nini, au usinunue. Zilizotikisika zinadai kasi ya shata, yaani lenzi yenye tundu kubwa au flashi. Zenye giza zinadai vilevile. Lile fungu la mwisho halidai kununua chochote. Linadai uzungumze na MC kabla sherehe haijaanza, ujue keki inakatwa saa ngapi na wapi, zawadi zinatolewa kwa mpangilio gani, maharusi wataingia kwa mlango upi na wanacheza umbali gani. Kwa wanaoanza, fungu hili huwa kubwa kuliko yote, na ndiyo maana wengi hununua kamera ya pili na ya tatu huku albamu zao zikibaki vilevile.

Bodi inadaiwa unapoona haya: tayari una lenzi ya f/1.8, unatumia nukta ya fokasi ya katikati, mkono wako umetulia, na bado kamera inatafutatafuta fokasi gizani huku maharusi wakiingia. Hapo 6D ingekusaidia, maana nukta yake ya katikati huona gizani kuliko ya 700D. Au unapiga RAW, yale mafaili makubwa ya picha ghafi, mfululizo kwenye dansi na kamera inasimama kusubiri kadi wakati bibi anatoa vigelegele. Au mwanga umeupanga vizuri na bado wateja wanarudisha picha kwa chengachenga.

Megapikseli isiwe sababu. Picha ya 700D ina pikseli 5184 kwa 3456. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unahitaji 3508 kwa 2480. Hata A3 unaifikia karibu kabisa. Na nyingi ya picha zako zitaonekana kwenye WhatsApp, zikiwa zimeshapunguzwa.

Ukishaiona dalili, kodi kwanza. Wenye kukodisha vifaa mjini wapo. Watataka kitambulisho na mara nyingine dhamana, na gharama yake uiweke ndani ya bei unayompa mteja. Chukua Ijumaa jioni ili usiku huo uijue. Ikodi zaidi ya mara moja, kisha rudi kwenye yale mafungu. Kama fungu lililokusumbua limepungua, umepata jibu. Kama liko palepale, umeokoa pesa nyingi.

Na ufanye hesabu kwa kalamu. Tuseme bodi uitakayo ni shilingi 2,400,000, na kila sherehe inakuachia 80,000 ukishatoa nauli, msaidizi, albamu na bando. Hizo ni sherehe 30. Ukipata mbili kwa mwezi, ni miezi 15, bila kula hata shilingi ya faida. Tena sherehe hazigawanyiki sawa kwa mwaka: Ramadhani na Kwaresima harusi hupungua sana, na Machi 2025 vyote viwili viliangukia mwezi mmoja. Anayelipa mkopo wa kamera kwa matarajio ya sherehe mbili kila mwezi huishia kuulipa kwa mshahara. Mikopo ya kausha damu usiiguse kabisa kwa ajili ya kamera. Nunua kwa pesa ambayo kamera ya zamani imeshaizalisha.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo au kwa mtu binafsi, nenda na kadi yako na flashi yako. Uliza idadi ya mapigo ya shata. Canon walikadiria ya 5D Mark III ihimili 150,000, kwa hiyo iliyofika 140,000 bei yake isiwe ya iliyofika 30,000. Piga mbingu tupu kwa f/16 uone madoa ya sensa. Mulika lenzi kwa tochi ya simu ukitazama upande wa pili: nyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani yetu huongezeka. Dai risiti yenye namba ya kamera, uilinganishe na iliyoandikwa chini ya bodi. Ukifika nayo nyumbani, ihifadhi kwenye chombo kinachofunga kwa nguvu chenye vifuko vya silika, si kabatini pamoja na nguo.

Mwisho, kamera mpya isianzie kwenye harusi ya mteja. Ipeleke kwanza kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu au kikao cha familia, upige ukiwa gizani bila kutazama vitufe, na wiki za mwanzo 700D yako ibaki begani kama ya akiba. Usiiuze upesi ili kujazia bei, maana ukiiuza unarudi kuwa mtu wa kamera moja.